PIKAPU ILIYOINAMA UPANDE: SOMO LA KUSAWAZISHA KIMO CHA GARI NYUMBANI

Wengi wetu hudhani kwamba chama cha Kiswahili ni cha ngeli, mashairi na methali tu. La hasha! Fundi wa jua kali naye hufanya kazi yake kwa Kiswahili tangu asubuhi hadi jioni. Kwa hivyo leo tuingie uvunguni mwa gari tujifunze jambo moja: jinsi ya kurekebisha kimo cha pikapu iliyoinama.

Nilijifunza somo hili likizo ya Agosti. Mjomba wangu hubeba viazi na kabeji kutoka Kinangop, na pikapu yake ni Toyota Hilux ya miaka ya 1990. Gari hilo lilianza kuinama upande wa dereva. Kila likiingia shimoni, tairi la mbele la kulia lilikwaruza madigadi. Mjomba akasema, "Hiyo imelegea. Tutaikaza iwe ngumu." Kumbe tulikuwa tumekosea mara mbili, kama utakavyoona.

1. Ni nini kinachobeba gari?

Nyuma ya pikapu ya namna hiyo kuna springi za mabapa ya chuma yaliyopangwa moja juu ya lingine. Mbele hakuna springi ya kuonekana. Kuna ufito mrefu wa chuma kila upande, ambao mafundi huuita toshenibaa. Ncha moja ya ufito imeshikwa kwenye mkono unaobeba gurudumu. Ncha ya pili imefungwa kwenye fremu kwa bolti ya kurekebishia. Gurudumu likipanda, ufito husokotwa kama nguo unayoikamua. Likishuka, ufito hujisokotoa. Jambo hili si geni. Gari la Citroën Traction Avant la Ufaransa lilitumia fito kama hizi tangu 1934.

2. Kukaza si kufanya ngumu

Hapa wanafunzi wa Fizikia wasikilize. Ugumu wa ufito hutegemea chuma chenyewe, urefu wake na unene wake. Ukiuongeza kipenyo mara mbili, ugumu wake huwa mara 16. Bolti haiwezi kubadilisha hata kimoja kati ya hivyo. Kazi yake ni kugeuza pembe ambayo ufito unaanzia kusokotwa, na kwa hivyo gari hukaa juu zaidi au chini zaidi.

Mbona basi gari lililokazwa sana hurukaruka kama punda mwenye hasira? Ni kwa sababu mkono wa gurudumu umeshushwa karibu na mwisho wa mwendo wake. Gurudumu likitaka kushuka bondeni, halina nafasi, linagonga kizuizi. Dereva husema "sasa ni ngumu", lakini ufito ni ule ule.

3. Pima kwanza

Egesha gari mahali tambarare, likiwa na mzigo wa kawaida. Tia matairi upepo sawasawa. Bonyeza bampa mara kadhaa ili gari litulie. Sasa pima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa madigadi. Usipime kutoka ardhini, kwani tairi lenye upepo mdogo litakudanganya. Pima magurudumu yote manne na uandike.

Sisi tulipata sentimita 46 mbele kulia na 49 mbele kushoto. Nyuma hatukupima. Kosa!

4. Yaliyotupata

Jioni hiyo tuliinua pikapu kwa jeki na kuweka mawe mawili chini ya fremu. Mjomba akaingia uvunguni na spana. Alipotoka kuchukua mafuta ya kulainisha bolti, jiwe moja lilipasuka. Jeki ikateleza na pikapu ikaanguka kwa kishindo pale pale alipokuwa amelaza kichwa. Tulisimama kimya. Shangazi alitoka jikoni mbio, akamtazama mumewe, akarudi ndani bila kusema neno.

Mwenzangu, shika hili hata ukisahau mengine yote: jeki ni ya kuinulia, si ya kulalia chini yake. Mawe na matofali hupasuka bila kutoa habari. Tumia stendi za chuma, uziweke chini ya fremu juu ya sakafu ngumu, na uzuie magurudumu ya nyuma kwa vigingi. Usipokuwa na stendi, acha kazi.

5. Hatua zenyewe

Kesho yake fundi mmoja wa jua kali alikuja na stendi zake. Kabla ya kugusa kitu akapima nyuma, akakuta upande wa kulia uko chini pia. Alipomulika kwa tochi, bapa moja la springi lilikuwa limevunjika. Ugonjwa ulikuwa nyuma nasi tulikuwa tunatibu mbele! Baada ya kubadilisha bapa hilo, tofauti ya mbele ilibaki sentimita 1 tu. Hiyo ndiyo tuliyorekebisha hivi:

(a) Piga bolti brashi ya waya, itie mafuta na uiache ilowe.
(b) Pima urefu wa bolti unaochomoza na uuandike, ili uweze kurudi ulikoanzia.
(c) Inua mbele, weka stendi, magurudumu yaning'inie. Hapo ufito una mzigo mdogo.
(d) Legeza nati ya kufungia. Kaza ili kuinua, legeza ili kushusha. Zungusha mara moja tu, kisha uhesabu.
(e) Usiitoe bolti yote kamwe. Ufito bado umesokotwa na unaweza kukuumiza.
(f) Shusha gari, liendeshe mbele na nyuma mita chache ili magurudumu yakae mahali pake, kisha pima pande zote mbili tena.

Usipandishe zaidi ya sentimita 2 au 3. Ukimaliza, funga ile nati ya kufungia.

6. Kazi haijaisha

Kimo kikibadilika, magurudumu nayo hubadilisha mwelekeo. Peleka gari likafanyiwe alaimenti, la sivyo matairi yataliwa upande mmoja. Angalia taa pia, maana mbele ikipanda zitawapofusha wenzako barabarani.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi naongeza: kabla ya kuziba, hakikisha ufa uko wapi. Mjomba bado anabeba viazi, na stendi mbili za chuma sasa ziko nyuma ya kiti chake. Shangazi ndiye aliyezinunua.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini kukaza bolti hakuufanyi ufito kuwa mgumu zaidi?
2. Kwa nini tunapima kutoka katikati ya gurudumu?
3. Tunga sentensi ukitumia: sokota, sokotwa, sokotoa.