Taa za breki zimezima zote

SWALI: Corolla yangu ya 1998 haiwaki taa yoyote ya breki, ila taa ndogo za nyuma zinawaka. Fundi anataka kubadilisha balbu zote. Nimkubalie?

JIBU: Usimkubalie bado. Ni nadra balbu zote kuungua siku moja, na kama taa ndogo zinawaka, huenda ethi ni nzima. Anza na fyuzi iliyoandikwa STOP. Ikiwa nzima, inama utazame swichi ndogo iliyo juu ya pedali ya breki. Chomoa soketi yake. Kama ina nyaya mbili tu, ziunganishe kwa kipande cha waya. Taa zikiwaka, swichi imekufa. Zisipowaka, fundi apime umeme kwa testa. Hadi taa za breki ziwake tena, usilipeleke gari barabarani.