RAV4 au X-Trail: Niliyojifunza Kabla ya Kulipa

Kwetu Goba ni vilima, na barabara nyingi za mitaani ni za udongo. Masika yakianza, IST na Passo hulazwa kwa jirani aliye kando ya lami, na mwenye gari hupanda kilima kwa miguu, viatu mkononi. Kwa hiyo nilipopata fedha za gari la kwanza, suala la gari la juu au la chini halikuwepo. Yalibaki magari mawili niliyoyamudu na ambayo familia yangu ingeenea: Toyota RAV4 ya kizazi cha tatu, iliyoanza kuuzwa Japani mwishoni mwa 2005, na Nissan X-Trail ya umbo la T31, iliyoanza mwaka 2007. Nyumbani kura ziligawanyika. Kazini wote walisema Toyota, tena kabla sijamaliza kuuliza.

1. Anza na ujazo wa injini, maana TRA nao ndiko wanakoanzia

RAV4 nyingi zinazotoka Japani zina injini ya sentimita za ujazo 2,362. X-Trail ya lita mbili ina 1,997. Mtu atasema tofauti hiyo utaiona kwenye kituo cha mafuta, lakini mimi niliiona mapema zaidi, kwenye kikokotoo cha kodi cha TRA. Ushuru wa bidhaa kwa gari lisilozidi 2,000 ni asilimia 5. Likizidi hapo ni asilimia 10. X-Trail imeponea chupuchupu.

Tuchukue mfano wa gari ambalo TRA wanalithamini kwa shilingi milioni 10. Ushuru wa forodha wa asilimia 25 ni uleule kwa yote mawili. Likiwa limepita miaka kumi tangu litengenezwe, kuna ushuru wa uchakavu wa asilimia 30, nao haubagui. VAT ya asilimia 18 ndiyo huja mwisho, ikipigwa juu ya vyote hivyo. Ukimaliza hesabu, zile asilimia 5 za injini zimekuwa shilingi 737,500. Kwangu hiyo ilikuwa seti ya matairi na chenji ya kuanzia bima.

Zingatia pia kwamba kikokotoo kina thamani zake. Ukipewa punguzo na muuzaji wa Japani, usidhani na kodi itashuka.

2. Muulize fundi, kisha muulize ana vifaa gani

Kila mwamba ngoma huvutia kwake. Fundi aliyezoea Toyota atakwambia Nissan ni gari la kumtajirisha fundi, na aliyezoea Nissan atakuonyesha RAV4 iliyofunguliwa injini. Nilichogundua ni kwamba kila mmoja alikuwa na hoja, ila hoja ilikuwa ya gari la mwenzake tu.

Tuhuma kubwa ya X-Trail ni gia boksi. Ni ya CVT: haina gia za kuhesabika, ina mkanda wa chuma unaozunguka kati ya puli mbili zinazopanuka na kujibana. Mkanda huo unaishi kwa mafuta yake maalumu, na kwa T31 Nissan waliweka NS-2. Ukimwaga humo ATF ya kawaida kwa sababu ndiyo iliyokuwepo dukani, unaua gia boksi taratibu: gari linaanza kutetemeka likiondoka, halafu linavuma. Ikipata joto kupita kiasi, hasa kwenye mwendo mrefu au mlima, kompyuta hupunguza nguvu ili kuilinda, na ndipo dereva aliyeko katikati ya mlima wa Kitonga huapa kwamba Nissan hanunui tena.

Sasa, jambo ambalo wale wa kazini hawakulijua: RAV4 ya soko la Japani, ile ya 2.4 tunayoiagiza sisi, nayo ni CVT. Toyota wanaiita Super CVT-i. Nilipolisema hilo kwenye gereji moja Kariakoo palizuka ubishi hadi fundi mkubwa akaletwa, akafungua boneti, akasoma kibati, akanyamaza. Basi wangapi wanatembea na RAV4 yenye ATF?

Kwenye injini, RAV4 ndiyo yenye la kujibu. Ile 2AZ-FE imejulikana duniani kwa kula oili, na Toyota wenyewe waliwahi kufanya mpango maalumu wa kuitengeneza kwa wateja wa Marekani. Ukiikuta, chomoa kijiti cha oili, kisha mwombe mtu akanyage mafuta nawe ukiwa nyuma unatazama moshi. X-Trail yenye MR20 haina sifa mbaya kiasi hicho, ila plagi zake zimefichwa chini ya manifodi ya kuingizia hewa. Fundi lazima aivue kwanza, na bei ya kazi inapanda. Wako wanaokwepa usumbufu huo na kukwambia plagi bado nzima.

Mwisho nilimpata fundi wa Ubungo mwenye mashine ya kusoma kompyuta ya gari na madumu ya NS-2 rafuni. Alinitolea risiti ya alikoyanunua kabla sijamwomba. Kwa kweli uamuzi wangu ulianza kuegemea X-Trail siku hiyo, na si kwa sababu ya gari lenyewe.

3. Namba ya chasisi haisemi uongo

Dalali alinionyesha picha ya X-Trail safi akasema, "Dada, hii fobaiwili kamili, Goba unapanda umelala." Chasisi ilianza na T31. Hiyo ni ya kuvuta tairi za mbele tu. Ya lita mbili yenye kuvuta zote nne huanza na NT31, na TNT31 ni ya lita mbili na nusu, ambayo kwenye kodi inakaa upande wa RAV4. Kwa RAV4, ACA31 ndiyo fobaiwili na ACA36 siyo. Kwa macho huwezi kutofautisha. Nilimtumia dalali namba hizo kwa WhatsApp, akajibu, "Sawa madam, nakutafutia nyingine."

4. Kautazame mlango wa nyuma

Mlango wa nyuma wa RAV4 hufunguka kwa pembeni, umebeba na tairi ya spea, na bawaba zake ziko kulia. Wamarekani wameulalamikia sana, kwa kuwa wao huegesha upande wa kulia wa barabara na mlango unawazibia njia ya kutoka kando. Sisi tunaendesha kushoto kama Wajapani, kwa hiyo hapa kwetu unafunguka vizuri kabisa. Tatizo ni nafasi. Gari likiegeshwa nyuma yako Kariakoo, na Kariakoo litaegeshwa, huo mlango haufunguki, na mzigo unapitia viti vya abiria.

Wa X-Trail huenda juu. Mvua ikinyesha unakuwa paa lako unapopakia, na chini ya sakafu ya buti kuna droo ya kuvuta. Tena nyingi zina viti vya kitambaa kisichonywa maji. Mwenye watoto na matope ya Goba hahitaji maelezo zaidi.

5. Karatasi ya mnada

Omba uione kabla ya kutuma hela. Daraja la 4 au 4.5 ni zuri. Ukiona R, gari liligongwa likatengenezwa. Muuzaji anayesema karatasi imepotea, mwache.

6. Saiti mira

Magari yote mawili huibiwa saiti mira. Chonga namba ya gari kwenye vioo na taa wiki ya kwanza.

7. Mnunuzi wa kesho yupo kwenye bei ya leo

Hapa RAV4 inashinda, sipingi. Ukitaka kuiuza, simu inaita jioni hiyohiyo, na spea zake utazikuta hata kwenye duka dogo la mkoani. X-Trail huuzwa kwa kusubiri, na mnunuzi huja na fundi wake kusikiliza gia boksi. Lakini faida hiyo huilipii siku ya kuuza. Unailipia siku ya kununua, kwa kuwa RAV4 ya mwaka uleule na hali ileile mara nyingi ni ghali zaidi. Anayebadili gari kila baada ya muda mfupi aichukue. Mimi nilikuwa nanunua la kukaa nalo.

Nilichukua NT31 ya lita mbili, ya baada ya maboresho ya 2010. Mdogo wangu, aliyekuwa upande wa Toyota tangu siku ya kwanza, ameagiza Vanguard, ambayo ni RAV4 iliyorefushwa, yenye injini ileile ya 2,362. Tuliikokotoa kodi yake pamoja sebuleni kwangu. Alikunja uso, akasema, "Dada, hayo ndiyo malipo ya usingizi," akalipa.