Kete za Bao na Hesabu za Binti Yangu

Binti yangu alipotimiza miaka minane alikuwa bado hajahifadhi jedwali la kuzidisha, nami, kwa ghadhabu ya mzazi aliyetahayari mbele ya mwalimu, nikawa namkalisha kila usiku mbele ya daftari na kumkaririsha hata machozi yakamdondoka; ilhali kulipokucha, yote tuliyoyasoma yalikuwa yamekwisha kumtoka.

Lililonizindua ni bao. Alasiri moja tulikuwa barazani kwetu Tanga, mimi na ndugu yangu tukicheza, na mtoto amechutama kando akiufuata kwa macho kila mkono uliotawanya kete, na kabla mwenzangu hajafika nusu ya mzunguko, akasema, "Ami, ya mwisho itaangukia kwenye nyumba yako." Ikaangukia papo hapo. Yule niliyemdhania mzito wa hesabu alikuwa amekwisha kuzihesabu kichwani upesi kuliko sisi watu wazima.

Basi daftari nikaliweka kando. Bao la Kiswahili lina safu 4 za mashimo manane manane, yaani mashimo 32, na kete zake ni 64, hata likiwa tupu ni jedwali tosha. Nilimwambia atie kete moja moja katika mashimo saba saba ya safu tatu, azihesabu, akapata 21. Kisha nikamwomba ahamie ubavuni mwa bao, azihesabu tena kwa mafungu ya tatu tatu. Alitazama kwa muda mrefu, kidole kikienda na kurudi, halafu akapaza sauti: "Baba, kumbe ni zile zile!" Tangu hapo aliyejua tatu mara saba hakuwa na haja ya kuhifadhi saba mara tatu, na mzigo ukapungua takriban nusu.

Ziko hatua ambazo wazazi aghalabu huziruka, nazo ndizo zenye faida kubwa. Kete zikishazoeleka, zifunikwe kwa kanga, mtoto aseme jawabu kabla ya kufunua. Baadaye achore vitone karatasini mahali pa kete. Mwisho ndipo ziandikwe tarakimu. Akikosea, usimtajie jawabu, mwambie ahesabu upya. Robo saa yatosha, na aheri uache angali ana hamu.

Sisemi kila mtoto atafutiwe bao. Mtazame mwanao kwa muda wa juma zima pasipo kumfundisha neno: yuko anayeshika kwa masikio, huyo mwimbishe, yuko anayeshika chenji ya dukani pasipo kosa, huyo mtume sokoni, naye akirudi mwandike pamoja alichotumia.

Wangu jedwali la saba amelimaliza. Juzi tumeanza la kumi na mbili, na kwa kuwa kete 64 hazitoshi, tumeongeza kokoto za ufukweni.