Lete Lile Joho: Somo Kuhusu Habari Ndogo za Marafiki



Leo fungueni Biblia mahali ambapo wengi wetu huwa tunaparuka: Waraka wa Pili kwa Timotheo, sura ya 4, kuanzia aya ya 9. Paulo yuko kifungoni. Aya chache kabla ya hapo ameongea kama mtu anayejua kwamba safari yake inaisha. Halafu, ghafla tu, anaanza kumpa Timotheo habari. Dema kamwacha na kwenda Thesalonike. Luka ndiye pekee aliyebaki naye. Erasto yuko Korintho, Trofimo kaachwa Mileto akiwa mgonjwa. Na Timotheo akija, ampitie Karpo kule Troa amletee joho alilolisahau au kuliacha (mimi nadhani aliliacha, joho ni zito), pamoja na vitabu. Na ajitahidi kufika kabla ya majira ya baridi.

Sasa angalieni nyuma kidogo, 3:16. Waraka huohuo unasema kila Andiko lina pumzi ya Mungu. Geuza ukurasa, joho. Yaani Kanisa limetunza kwa karibu miaka elfu mbili ombi la mzee anayeogopa baridi, na tukilisoma tunasema ni Neno la Bwana.

Katika orodha hiyo kuna kasentensi kamoja kanakopita haraka: Timotheo aje na Marko, kwa sababu anafaa. Ukisoma Matendo 15:37-39 utamkuta Marko huyo ndiye aliyesababisha Paulo na Barnaba wagombane hadi wakaachana njia. Walipatanaje? Hatuambiwi kirefu. Tunachoona ni jina lake tu, limerudi katikati ya habari za kawaida. Kwangu mimi hapo ndipo penye uzito wa sura nzima.

Miaka ya falsafa tulisoma Aristotle, Maadili ya Nikomako, kitabu cha nane na cha tisa, ambavyo vyote ni juu ya urafiki. Anasema kuishi pamoja kwa binadamu si kama ng'ombe wanaolishwa malisho mamoja. Ni kushirikishana maneno na mawazo. Mtakatifu Thoma wa Akwino alilichukua wazo hilo akaenda nalo mbali zaidi: mapendo ya Kimungu, anafundisha, ni urafiki wa mtu na Mungu, na urafiki hausimami bila kitu cha kushirikishana. Anaegemea Yohane 15:15, pale Yesu anapowaita mitume marafiki kwa sababu amewaambia yote aliyoyasikia kwa Baba. Kwa hiyo kupeana habari si mapambo ya urafiki. Ndiyo mwili wake.

Nitoe mfano wa karibu. Mimi na wenzangu tuliomaliza kidato cha sita pamoja tuna grupu la WhatsApp. Mmoja ni nesi Mbeya, mwingine anauza vifaa vya simu Kariakoo, mwingine yuko nyumbani Marangu na kahawa ya baba yake. Mmoja bado anatafuta ajira, na alikuwa amenyamaza karibu miezi miwili. "Habari za kazi?" ni salamu nzuri, lakini kwa asiye na kazi ni mlango uliofungwa.

Siku moja yule wa Marangu akatuma picha. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi ilikuwa imenyesha, na siku chache baadaye mibuni yote ikawa myeupe. Maua ya kahawa hunukia kama asumini, na hayakai. Siku mbili tatu yanaanza kunyauka. Aliandika tu: "Njooni mnuse kabla hayajaisha."

Jibu la kwanza likatoka kwa yule aliyenyamaza. "Ya kahawa siyajui. Ila mbwa wetu kazaa sita, mmoja mweupe kama hayo maua." Basi! Nesi akataka mmoja, wa Kariakoo akataka kumpa jina. Siku mbili baadaye akanipigia. Tulianza na mbwa, tukamaliza na mambo ambayo sitayaandika hapa.

(Kwa njia, wapenda mbwa, someni Tobiti sura ya 6 na ya 11. Malaika Rafaeli anamsindikiza kijana Tobia, na mbwa naye yumo safarini. Hafanyi lolote. Anatajwa tu.)

Mtu ataniuliza: umbea je, nao si habari ndogo? Ndiyo, ila mmbea hutoa ya wenzake akificha yake. Paulo anasema nani kamwacha, lakini anasema pia kwamba anahitaji joho.

Vijana wengi huniambia, "Frateri, nikipiga magoti nakosa la kumwambia Mungu." Mtakatifu Teresa wa Avila, katika kitabu cha maisha yake, anaieleza sala ya moyoni kama mazungumzo ya mara kwa mara na rafiki ambaye tunajua anatupenda, Katekisimu imeyachukua maneno yake katika namba 2709. Basi usiku, kabla ya Baba Yetu, mpe Yesu habari zako: bosi alivyokufokea, mama anavyoendelea na mguu, jakaranda ya jirani ilivyomwaga zambarau njia nzima. Ukimaliza, nyamaza kidogo. Naye ana zake.

Mkisoma hili kwenye jumuiya au VIWAWA, someni 2 Timotheo 4:9-22 kwa sauti, mhesabu majina. Kisha kila mmoja amtaje, kimoyomoyo, mtu ambaye kwa muda mrefu hajamsikia. Mwandikieni kabla hamjatawanyika. Msianze na "habari za kazi".