Kuisoma Karatasi ya Ada: Somo la Hisabati kwa Madarasa ya Juu

Mwanachuo anayejiandaa kwa mazoezi ya kufundisha hupenda mafumbo ya Hisabati yenye maembe na machungwa. Sina ugomvi na maembe. Lakini nilipokuwa mwalimu wa shule ya msingi nilifundisha Darasa la Saba kujumlisha fedha mwaka mzima, na bado binti mmoja hodari wa darasa hilo alibaki nyumbani baada ya kupata nafasi ya kujifunza ushonaji chuoni. Nilipokutana na baba yake aliniambia, "Mwalimu, niliitazama ile namba ya chini kabisa, nikaikunja karatasi." Namba ile ilikuwa jumla ya mwaka mzima, siku ya kuripoti zingetakiwa karibu nusu yake tu. Binti hakumsahihisha baba yake, kwa kuwa mimi sikuwa nimemfundisha kuisoma karatasi ya namna hiyo.

Haja ya somo hili imezidi siku hizi. Tangu 2016 shule za Serikali hazitozi ada kuanzia elimu ya awali hadi Kidato cha Nne, na mwaka 2022 nafuu hiyo ilifikishwa Kidato cha Sita. Ni jambo jema. Ila mtoto aweza kukua bila kuiona karatasi ya ada hata mara moja. Huikuta kwa mara ya kwanza anapojiunga na chuo cha ufundi, au na kimojawapo cha Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, kama vile vya Handeni, Newala na Urambo. Vyuo hivi vilianza mwaka 1975 kwa kufuata mfano wa vyuo vya wananchi vya Sweden, navyo huwapokea hata wale walioishia shule ya msingi. Mafunzo mengine hufadhiliwa, lakini pasipo mfadhili mzazi hupewa karatasi, naye huipeleka kwa mtoto aliyesoma.

Andika ubaoni karatasi ya mfano wa mwaka wa kwanza, mwanafunzi wa bweni. Tarakimu hizi ni zangu, si za chuo chochote:

Fomu ya kujiunga: sh. 10,000
Kitambulisho: sh. 5,000
Amana ya tahadhari: sh. 20,000
Vifaa vya vitendo: sh. 40,000 kwa mwaka
Ada ya mafunzo: sh. 120,000 kwa mwaka, awamu mbili
Chakula na malazi: sh. 240,000 kwa mwaka, awamu mbili
Sare ya karakana: sh. 30,000

Usiwaambie wanafunzi wajumlishe. Watajumlisha wenyewe kabla hujageuka, nao watapata sh. 465,000. Waache waistaajabie namba hiyo, kisha uliza: nani anapokea fedha hizi? Hapo watagundua kwamba sare hushonwa na fundi yeyote, na kwamba fomu ilikwisha kulipiwa. Uliza tena: zinatakiwa lini? Nusu ya ada ni 60,000, nusu ya chakula na malazi ni 120,000. Ongeza kitambulisho, amana na vifaa. Siku ya kuripoti chuo kitapokea sh. 245,000, na awamu ya pili sh. 180,000. Mzigo haukupungua hata senti moja, lakini sasa familia yaweza kuupangia: mbuzi auzwe lini, na mahindi yangojwe hadi lini.

Swali la tatu ndilo huwakwaza wengi: ni mara ngapi? Waulize gharama ya miaka miwili. Aghalabu watazidisha 465,000 kwa mbili. Usikimbilie kufuta jibu. Mwite mmoja asome mstari mmoja mmoja aseme kipi kitalipwa tena. Mwaka wa pili hubaki ada, chakula na malazi, na vifaa, yaani sh. 400,000. Jumla ni 865,000, si 930,000. Neno "amana" nalo lifafanuliwe hapa: ni fedha inayowekwa ili kufidia uharibifu, na hurejeshwa mwishoni ikiwa hakuna kilichoharibika. Nimeona watu wazima wasioidai kwa kutojua kwamba ni yao.

Ukiwa na kipindi cha pili, linganisha bweni na kutwa. Wanafunzi watakuambia kutwa ni nafuu kwa sh. 240,000. Waambie nauli ni sh. 500 kwenda na sh. 500 kurudi, chakula cha mchana sh. 1,000, siku za masomo 200. Kutwa yafika sh. 400,000! Bila shaka mtoto mmoja atasema ana shangazi anayekaa jirani na chuo. Mpokee, hesabu imebadilika, naye ndiye aliyeelewa somo kuliko wote.

Nakuonya jambo moja, mwalimu mtarajiwa. Usimwagize mtoto alete karatasi ya ndugu yake, wala usiulize nani baba yake angeweza kulipa. Tumia familia ya kubuni. Darasa likigeuka mahali pa kupimana umaskini, mwenye haja zaidi ya somo ndiye atakayenyamaza.

Eleza pia, kwa ufupi, kwamba chuo cha Serikali hutoa namba ya kumbukumbu ya malipo, na fedha hulipwa kwa namba hiyo benki au kwa simu. Anayeomba atumiwe kwenye simu yake mwenyewe ili "ashike nafasi" asipewe kitu. Stakabadhi itunzwe.

Kazi ya nyumbani iunganishwe na somo la Kiswahili: barua fupi kwa mkuu wa chuo, kuuliza kama ada yaweza kulipwa kwa awamu tatu badala ya mbili. Unaposahihisha, tazama kwanza kama mtoto ametaja kiasi awezacho kulipa siku ya kuripoti na tarehe atakayomaliza baki. Tahajia ije baadaye.