"Mutoto" na "mtoto": irabu moja katika albamu ya kwanza ya Lokua Kanza

Makala haya yanahusu irabu moja, u, na alama nne nilizopoteza kwa sababu yake.

Katika somo la unukuzi tulitakiwa kila mmoja achague wimbo wa Kiswahili, auandike jinsi unavyosikika, kisha aeleze sauti zake. Nilichagua "Mutoto" wa Lokua Kanza, kutoka albamu yake ya kwanza iliyotoka 1993, ile inayobeba jina lake mwenyewe. Karatasi iliporudi, kila nilipoandika *mutoto* herufi u ilikuwa imekatwa kwa wino mwekundu. Ilikatwa hata kwenye jina la wimbo, ambalo sikulitunga mimi. Pembeni mhadhiri alikuwa ameandika maneno mawili: "Andika Kiswahili."

Nilikasirika, na hasira hiyo ilinifanya nitetee jambo la kweli kwa hoja mbovu. Nitafika huko. Kwanza mwimbaji.

Pascal Lokua Kanza alizaliwa hapa Bukavu mwaka 1958, baba akiwa Mmongo na mama Mnyarwanda. Angali mdogo familia ilihamia Kinshasa, na huko ndiko alikokulia ndani ya Kilingala na kusomea muziki. Mwaka 1984 alikwenda Paris, akafanya kazi na wakubwa kama Ray Lema na Manu Dibango kabla ya kutoa kazi yake mwenyewe. Alipoitoa alikuwa na miaka 35, kwa hiyo neno "chipukizi" halimkai vizuri. Hata hivyo hii ni albamu ya mtu anayejitungia, anayejiimbia na anayejipigia gitaa, na ambaye hakutaka kufuata njia iliyokuwa wazi mbele yake. Anayeisikiliza akitegemea sebene ya Kinshasa, magitaa ya umeme yakikimbizana na wachezaji wakiitwa majina, hataipata. Atapata gitaa la nyuzi bila umeme, sauti zilizopangwa moja juu ya nyingine, na utulivu mwingi. Utulivu huo una umuhimu kwa hoja yangu, kwa sababu ndio unaotuwezesha kusikia irabu ndogo.

Sasa jina la wimbo. Mtu aliyejifunza Kiswahili Zanzibar angeandika "Mtoto". Kwa nini huyu aliandika "Mutoto"? Hebu tutazame lugha zilizomzunguka. Kinyarwanda kina *umuntu*, Mashi ina *omuntu*, Kilingala kina *moto*, na zote zina maana ya mtu. Hakuna hata moja kati ya hizo ambamo kiambishi cha ngeli ya kwanza ni nazali tupu. Kila kimoja kina irabu yake. Kiswahili cha Bukavu kimo katika jamaa hiyo: *mutu*, *mutoto*, *muke*, na kwa wingi *batu*, *batoto*, *bake*. (Kilingala nacho kimetuazima. Albamu ya pili ya Lokua Kanza, ya 1995, inaitwa *Wapi Yo*, na *wapi* hiyo kila mtu wa Bukavu anaijua bila kufundishwa.)

Kiswahili kilifika Kivu karne ya kumi na tisa pamoja na misafara iliyopitia Maniema, miaka mingi kabla mkutano wa Mombasa wa 1928 haujaamua kwamba Kiunguja ndicho kitakachosanifishwa. Uamuzi huo ulifanywa kwa ajili ya makoloni ya Waingereza, sisi hatukuwamo. Kwa hiyo anayesema kwamba Kiswahili chetu "kilibomoka" kutoka kile sanifu anageuza tarehe juu chini. Na kwa habari ya kiambishi hiki mambo ni kinyume kabisa: mu- ndiyo ya zamani zaidi. Pwani u ilidondoka mbele ya konsonanti, sisi tukabaki nayo. Sanifu yenyewe haikuitupa kila mahali, kwani inaandika *muhogo*, *muuguzi*, *muumini*. Na kijiji cha nyumbani kwetu ni Mumosho. Sijawahi kuona ramani iliyoandika Mmosho.

Haya yote niliyajua wakati ule, na ningeyaandika tu ningekuwa salama. Badala yake nilimwandikia mhadhiri kwamba *mutoto* lina silabi tatu na *mtoto* lina mbili, kwa hiyo ukiikata u unauvunja wimbo: pigo moja la gitaa linabaki bila neno. Nilijiona nimeshinda. Jibu lake lilikuwa fupi kuliko la kwanza: "Hesabu tena."

Wikendi ile nilikwenda Mumosho, na Jumapili nikakaa kanisani nyuma ya kwaya ambayo shangazi yangu anaimba. Kitabu chao cha nyimbo kimechapwa kwa Kiswahili sanifu. Ukurasani pameandikwa *mtoto*, *mtu*, *mkombozi*. Kwaya nzima iliimba *mutoto*, *mutu*, *mukombozi*, bila mtu hata mmoja kuambiwa afanye hivyo. Na hakuna aliyekosea pigo. Ngoma haikungoja, kinanda hakikungoja, sauti ya pili haikuchelewa. Kama kweli u inaongeza silabi, watu wale wangekuwa wanajikwaa katika kila mstari.

Wasomaji waliosoma arudhi wameshaona kosa langu. Katika *mtoto* ile m ni silabi yenyewe: m-to-to. U ilipodondoka, nazali ilirithi nafasi yake. Ndiyo maana mtunzi wa shairi la mizani 16 anaihesabu m hiyo kuwa mizani moja kamili, na ndiyo maana katika *mtu*, neno la silabi mbili, mkazo unaiangukia m, kwa kuwa mkazo wa Kiswahili hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Mbele ya irabu hali ni nyingine: *mwana* ni mwa-na, mizani mbili, Bukavu na Unguja sawasawa. Kwa hiyo *mutoto* na *mtoto* ni urefu uleule. Kitabu cha kwaya na koo za Mumosho haviwezi kugombana, maana idadi ni moja.

Basi je, u haina kazi yoyote? Hapa ndipo ninapoachana na wino mwekundu. Silabi mbili zinaweza kulingana kwa hesabu na zisilingane kwa sauti. Ukiimba m, midomo imefungwa na hewa inatoka puani. Sauti inapungua nguvu na inakuwa mguno. Ukiimba mu, midomo inafunguka baada ya m, na noti inapata irabu ya kukalia. Jaribu mwenyewe: shika noti moja kwa pumzi nzima kwenye *m*, kisha kwenye *mu*. Katika bendi yenye ngoma na tarumbeta tofauti hiyo inamezwa. Katika albamu ya gitaa moja na sauti zilizo karibu na sikio inasikika. Mnukuzi akiifuta, hajarekebisha tahajia. Amefuta sauti iliyoimbwa, na anayesoma kazi yake atadhani mwimbaji alifunga mdomo pale alipoufungua.

Baada ya ibada nilimsikilizisha shangazi wimbo huo kwenye simu. Alisikiliza huku akimenya viazi, kisha akasema: "Huyu anaimba sawa siye." Halafu: "Iko mutoto ya wapi?" Nilimwambia ni wa Bukavu, akaona ni jambo la kawaida. Nilimwomba aimbe neno hilo kama lilivyo kitabuni, bila u. Alijaribu mara tatu. Mara ya tatu alicheka, akanirudishia simu na kuniambia, "We mutoto, unatafuta nini?"

Tazama pia kwamba katika swali lake la *mutoto ya wapi* kuna jambo jingine, yaani upatanisho wa ngeli kwa ya- badala ya wa-, na kitenzi *iko* mahali ambapo sanifu ingetumia *ni*. Hayo ni makubwa kuliko irabu yangu na yanastahili makala yao. Didier Goyvaerts aliandika mwaka 1988 kuhusu Indubil, mseto wa Kiswahili unaozungumzwa Bukavu, na kazi hiyo huwavutia wanafunzi kwa sababu lugha ya vijana ina madoido. Usemi wa kawaida wa mama anayemenya viazi hauna mvuto huo, na nadhani ndiyo sababu tunauruka haraka kwenda kwenye masahihisho.

Sisemi tuandike mitihani yetu kwa *mutoto*. Makala haya yenyewe ni ya Kiswahili sanifu, na nilifurahi kuyaandika hivyo. Ninachotaka kwa somo la unukuzi ni mistari mitatu: wa juu kile sikio linachosikia, wa kati tahajia sanifu, wa chini maelezo ya viambishi. Mstari wa juu usiguswe na mtu ambaye hajasikiliza rekodi. Jina la kazi ya mtu libaki kama alivyoliandika mwenyewe, kama tusivyosahihisha jina la mtu.

Niliandika upya ukurasa mzima kwa mpango huo, nikaongeza aya kuhusu kwaya, nikafuta hoja ya silabi mbili. Alama mbili kati ya nne zilirudi. Zile mbili nyingine zilikuwa za hesabu, na hizo nilistahili kuzikosa.