Chama, ubongo na kiambishi -ish-

Tukitafsiri habari za sayansi, wengi wetu hukimbilia kitenzi kimoja: kusababisha. Nachukua utafiti mmoja wa Marekani kuonyesha kinavyotuponza.

Mwaka 2013 Darren Schreiber na wenzake walichapisha katika jarida la PLOS ONE matokeo ya watu 82 waliopimwa ubongo kwa mashine ya MRI huku wakicheza mchezo wa kubahatisha. Kwenye skrini hutokea 20, kisha 40, kisha 80. Anayebonyeza penye 20 hupata alama hizo bila shaka. Anayengoja 40 au 80 aweza kupata zaidi, au kupoteza. Hakuna swali hata moja la siasa. Chama cha kila mtu kilijulikana kwa daftari la wapiga kura, kwa kuwa huko California mtu hujiandikisha pamoja na chama chake. (Kwetu Kongo kadi ya mpiga kura haitaji chama, na sisikitiki.)

Wafuasi wa Republican na wa Democrat hawakupitana katika kuthubutu. Tofauti ilikuwa ndani. Walipothubutu, wa Republican walionyesha kazi zaidi katika amigdala ya kulia, sehemu inayoshughulika na vitisho na tuzo. Wa Democrat katika insula ya kushoto, upande wa nyuma, inayohusika na hisia za mwili wenyewe. Kwa sehemu hizo mbili tu, chama kilibainishwa kwa usahihi wa asilimia 82.9. Kutumia chama cha wazazi hufikia karibu asilimia 70.

Sasa tuandike sentensi. “Ubongo husababisha mtu kuchagua chama”: -ish- imemweka ubongo kuwa mtenda, na chama kimekuwa zao lake. Utafiti haukusema hivyo. “Ubongo wa Republican” nayo ina mtego, maana -a unganifu haisemi kipi kilitangulia. Watafiti wenyewe waliuacha wazi uwezekano kwamba kuishi kichama ndiko kunakouzoesha ubongo. Madereva wa teksi wa London, katika utafiti wa mwaka 2000, walikuwa na hipokampasi kubwa zaidi upande wa nyuma, na zaidi kwa waliofanya kazi miaka mingi. Hakuna aliyesema walizaliwa wakijua njia.

Kosa hili si dogo. Tayari tunasikia mitaani kwamba siasa ya jirani fulani “iko katika damu”. Tukimwongezea msemaji huyo neno ubongo na jina la jarida, atakuwa na sababu ya kisayansi ya kuacha kumsikiliza jirani.

Lugha yetu ina -an-, isiyomtawaza yeyote. Mimi ningeandika: “Chama cha mtu na namna ubongo wake unavyofanya kazi anapobahatisha vinahusiana.” Ni sentensi nzito kidogo, na mhariri wa gazeti huenda akaikata.